Kigoda cha Mgeni

Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa watu wawili ambao lugha nyingine nyingi huwatenga. Aliyebisha hodi usiku akitokea kusikojulikana ni mgeni. Na wifi aliyeletewa mwaliko wa harusi, akapokewa kwa vigelegele, naye ni mgeni. Neno lenyewe halisemi kama mtu huyo ni wa kuogopwa au wa kutandikiwa mkeka. Hilo limeachiwa mwenyeji aliamue mwenyewe, pale pale mlangoni, kabla hajalijua jina la aliyesimama mbele yake.

Katika kitambo hicho kifupi limo suala zito. Kwa nini mtu amtendee wema asiyemjua, ambaye kesho ataondoka na pengine hataonekana tena? Suala hili limejibiwa kwa njia nyingi: kwa dini, kwa utu, kwa hofu ya kuwa siku moja mwenyeji naye atakuwa njiani. Lakini suala la pili haliulizwi sana. Aliyetendewa afanye nini na wema ule? Je, ni deni? Na kama ni deni, linalipwa kwa nani, na kwa sarafu gani? Ili kuyatafuta majibu, msomaji na atoke kidogo pwani, ambako kila mtu huamini kuwa anajua ukarimu ni nini, aende Ufipa.

Nyanda za juu za Ufipa ziko kusini-magharibi mwa Tanzania, zimeinuka baina ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974, uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Miti huko ni michache, majani ni mengi, na upepo hauna wa kuuzuia. Baridi ya Juni na Julai humfanya mtu wa pwani ajiulize kama kweli bado yumo katika nchi ile ile. Wafipa tangu zamani hulima kwa matuta ya mviringo yaitwayo ntumba: majani hufukiwa chini ya udongo yakaoza, yakawa mbolea, kisha ulezi na maharage vikapandwa juu yake.

Pwani, jina la Sumbawanga hutajwa kwa sauti ya chini. Sifa zilizosafiri ni za uchawi na radi, na wako watumishi wa serikali ambao, walipopata barua ya kuhamishiwa huko, ndugu zao waliwaaga kama wanaokwenda vitani. Lakini jina hilo, kwa maelezo ya wenyeji wengi, ni maneno mawili ya Kifipa: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Tupa uchawi. Anayelisikia kwa mbali hudhani mji unajisifu kwa ushirikina wake. Anayelifahamu husikia amri, na amri hiyo inaambiwa yule anayeingia. Ni maneno ya mlangoni: karibu, lakini ulichokuja nacho cha kudhuru, kiache nje. Basi huu ni mji unaomkaribisha mgeni kwa sharti, na sharti lenyewe limekuwa ndilo jina lake.

Kabla ya barabara ya kutoka Tunduma kutiwa lami katika miaka ya mwanzo ya 2010, safari hiyo ya zaidi ya kilomita 200 wakati wa masika haikuwa na saa ya kufika. Aliyewahi kupita njia hiyo zama hizo anaijua hali yenyewe. Basi limezama tope mpaka kwenye ekseli, jua limekuchwa, utingo ameshachoka kukata matawi ya kutia chini ya magurudumu. Abiria wanatawanyika kufuata moshi wa vijiji. Katika nyumba asiyoijua, msafiri anakuta mama anawasogeza watoto wake mbali na jiko ili yeye aote moto. Anapewa maji ya kunawa, ugali wa ulezi, maharage, kipande cha dagaa waliopanda kutoka ziwani. Haulizwi ukoo wake wala dini yake. Asubuhi anapotia mkono mfukoni, mwenyeji anaona haya kwa niaba yake.

Msafiri huyo akirudi kwao atasimulia, na hapo ndipo penye hatari ya kwanza. Atasema: watu wa kule wana roho safi, hawajaharibika bado. Yaonekana ni sifa, lakini ndani yake umo mwiba. Maana yake ni kwamba watu wale wanatoa kwa kuwa hawajui. Hawajadanganywa, hawajaibiwa, dunia haijawafikia; laiti wangeyajua ya mjini, wangefunga milango. Kwa maneno mengine, wema wao ni ujinga ambao haujakutana na mwalimu. Hakuna jambo lisilo la kweli kama hilo kuhusu Ufipa, na ushahidi umo katika hadithi ambayo Wafipa wenyewe huianzia historia yao.

Hadithi hiyo iliandikwa kwa urefu na Roy Willis, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Uingereza, aliyefika Ufipa kwa utafiti mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1981 kitabu kizima juu ya dola ya zamani ya Wafipa. Husimuliwa kwamba mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, akaweka makao yake Milansi, karibu na mlima wa Itweelele. Siku moja alikwenda kuwinda, akamwacha mkewe nyumbani. Nyuma yake wakaja wanawake wageni, wakitoka safari ya mbali, wa kabila la watawala waitwao Watwaki. Wageni hao wakaingia nyumbani kwa mfalme, na kigoda cha mfalme wakakikalia. Ntatakwa aliporudi kutoka mwituni aliwakuta wamekwisha kaa. Hapakupiganwa vita. Yakafanyika maafikiano: nchi ikawa ya wale wageni, na yeye akabakiwa na Milansi, na mlima wake, na heshima ya kuwa ndiye wa mwanzo. Kizazi cha Watwaki baadaye kiligawika katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile, na mpaka leo Wilaya ya Nkasi inalibeba jina la mmojawapo.

Mtu aweza kuisoma hadithi hii kama lawama juu ya mke wa mfalme: aliachiwa nyumba, akashindwa kuilinda. Lakini lawama hiyo haina haki. Wageni wamefika kutoka mbali, wamechoka, mwenye nyumba hayupo. Mwenyeji afanye nini? Awaache wasimame? Katika kila nyumba ya Kiafrika, kutoka Ufipa mpaka Unguja, jambo la kwanza kwa mgeni ni pa kukaa, hata kabla ya maji. Kilichoharibu mambo Milansi si kule kuingizwa ndani kwa wageni. Ni kwamba wageni walikaa pasipokuwa pao, na walipoulizwa hawakuinuka.

La kushangaza zaidi ni kile ambacho Wafipa hawakukifanya na hadithi yao. Watu ambao historia yao inaanza kwa mgeni kumnyang'anya mwenyeji kiti chake wangeweza kuichukua hadithi hiyo kuwa onyo la kufunga mlango. Wangesema: tazama, tulifungua mara moja, tukapoteza nchi. Badala yake waliisimulia kizazi baada ya kizazi, na milango ikaendelea kufunguliwa. Na msimulizi wa hadithi hiyo hawezi kuchagua upande kwa urahisi, kwani nchi iliyotokana na siku ile ni ya wote wawili. Waliopokea na waliopokewa wote wakawa Wafipa. Anayeisimulia amerithi kigoda na amerithi pia kule kunyang'anywa.

Kwa hivyo yule mama aliyewasogeza watoto wake jikoni hatendi kwa kutojua. Nyuma yake iko hadithi inayomwambia bayana kwamba mgeni anaweza kuchukua kila kitu, na juu ya njia ya mji wake limeandikwa jina linalomtaka mgeni atupe alichoficha. Anajua, na bado anafungua. Wema wa asiyejua hatari ni bahati njema tu. Wema wa anayeijua hatari ni uamuzi. Mgeni akilifahamu hilo hataweza tena kurudi kwao akasema kuwa alikutana na watu wasioharibika. Atasema alikutana na watu walioamua.

Wanafalsafa wa mbali nao walikigusa kigoda hiki. Mwaka 1795 Immanuel Kant wa Königsberg aliandika, katika risala yake juu ya amani ya daima, kwamba mgeni ana haki moja: asifanyiwe uadui kwa sababu tu ya kufika katika nchi ya wengine. Haki hiyo ni ya kuzuru, wala si ya kukaribishwa na kukaa. Na humo humo aliwalaumu watu wa Ulaya ambao kwao kuizuru nchi na kuiteka yamekuwa jambo moja. Kiasi cha karne moja baadaye Wajerumani walijenga boma lao Kasanga, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, magharibi ya nyanda za Ufipa, wakaliita Bismarckburg. Mke wa Ntatakwa angewatambua.

Watu wa pwani wasijione wako mbali na hadithi hii, maana na wao wanayo yao. Mwaka 1498 mfalme wa Malindi alimpokea Vasco da Gama kwa furaha, akampa na rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa ziliporwa na Wareno waliokuja kwa njia ile ile. Malindi ilitoa ukarimu; jirani zake wakalipa gharama. Ndiyo maana hekima ya pwani juu ya mgeni ina ndimi mbili. Mmoja husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa pili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na yako yale maneno ya kuhesabu siku ambayo wazee wa pwani wanayajua, yanayoanza kwa kumkirimu mgeni siku ya kwanza na kumaliza kwa kumfukuza siku ya kumi. Watu hucheka wakiyasikia. Lakini ndani ya kicheko umo mpaka, na mpaka huo ni ndugu wa jina la Sumbawanga.

Hapa panahitaji kusemwa jambo ambalo wasifu wa ukarimu hupenda kulipita haraka. Wema kwa mgeni si hati ya wema kwa watu wote. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimsifu mno Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake. Alisimulia jinsi fakiri mmoja kutoka Yemen alivyomwomba sultani nguo alizokuwa amevaa, naye akazivua na kumpa. Hadithi hiyo imependwa na wengi, lakini wanaoipenda huiacha hapo. Inaendelea. Mtoto wa sultani alizikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Na sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Fakiri aliyeomba kanzu aliondoka na watu ishirini. Katika ukarimu ule, hao ishirini walikuwa ni zawadi. Hapana aliyewauliza wao wanauonaje.

Na mwaka 1867, kusini ya Ziwa Tanganyika, si mbali na Ufipa, David Livingstone alifika kwenye kambi ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ambaye alikuwa ametoka vitani na Nsama, mtawala wa Itabwa. Livingstone aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alipewa mbuzi, kitambaa cheupe, mafungu manne ya shanga na mfuko wa mtama, na kwamba mwenyeji wake alimwomba radhi kwa uchache wa zawadi. Kila mtu wa pwani anaitambua radhi hiyo. Ni adabu ile ile ya mama wa Unguja anayeweka sinia la pilau mbele ya mgeni na kusema, hatuna kitu, lakini karibu. Aliyepewa alikuwa adui mkubwa wa biashara ya utumwa. Aliyetoa alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe na watumwa. Mbuzi alikuwa mbuzi wa kweli, na njaa ya mgeni ilikuwa ya kweli. Hakuna haja ya kusema kuwa wema ule ulikuwa wa uongo. Lakini uliwezeshwa na watu ambao hawakuwepo wakati unatolewa.

Ufipa nayo haikusalimika na kivuli hicho. Mkoa wa Rukwa umo miongoni mwa sehemu za Tanzania ambako, katika miaka ya karibuni, watu wenye ualbino walishambuliwa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. Waathirika hawakuwa wageni. Walikuwa watoto wa kijiji, wanaojulikana kwa majina, waliokunywa maji ya kisima kile kile. Amri ya kutupa uchawi ilikuwa ikiambiwa mgeni mlangoni, na kumbe uchawi mwengine umelala ndani.

Huenda iko sababu. Mgeni ni rahisi kutendewa wema kwa kuwa ataondoka. Hana shamba linalopakana na la mwenyeji, hana kesi ya urithi, hakumbuki maneno yaliyosemwa msibani miaka kumi iliyopita. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe: huonekana na kila mtu, na kila mtu hujipima kwa namna anavyomtendea. Jirani ni kuku wa rangi ya udongo; hakuna anayemtazama. Kumpa mgeni usiku mmoja wa fadhila ni kazi ndogo kuliko kumpa jirani miaka thelathini ya insafu. Kwa hiyo msafiri aliyekirimiwa asiharakishe kutoa hukumu juu ya nchi nzima. Ameona uso mmoja wa nyumba, ule ulioelekezwa barabarani.

Lakini tafakuri hii haiufuti wema alioupata. Inaligeuza tu deni lake. Kwa kawaida mtu hudhani anadaiwa na yule aliyempa sahani mkononi. Akitazama vizuri ataona kwamba katika kila nyumba yuko mwingine aliyelipa. Watoto waliosogezwa mbali na moto ndio waliolala na baridi. Binti aliyesaga ulezi hakuletwa kusalimiana na mgeni. Milansi, mfalme aliyekuwa mwituni ndiye aliyeandikwa jina katika hadithi, na mkewe aliyekuwa mlangoni hakumbukwi ila kwa lawama. Mgeni anayetaka kulijua deni lake na aulize: ni nani katika nyumba hii aliyekosa, ili mimi nipate? Asiyeuliza hivyo, hata akishukuru kwa maneno matamu kiasi gani, hajaanza kushukuru.

Sasa deni hilo linalipwaje? Pwani kuna desturi ya jirani: sahani iliyoletwa na chakula hairudishwi tupu. Watiwa ndani yake chochote, hata kama ni maembe mawili au kipande cha boflo. Msafiri hawezi kuitimiza desturi hiyo. Sahani aliyolia kijijini Ufipa iko kilomita nyingi nyuma yake, na pengine jina la kijiji amelisahau. Wengi husema basi ampe mwingine, atakayemkuta njiani, wema uzunguke. Jibu hilo ni zuri, lakini ni jepesi. Linamruhusu mtu achague mwenyewe wa kumlipa, na aghalabu atamchagua mgeni mwenzake, aliye safi na mwenye hadithi ya kuvutia, huku jirani yake wa rangi ya udongo akiendelea kusubiri. Sahani ile inapaswa ielekezwe kwanza kwa asiyeonekana nyumbani kwa aliyekirimiwa. Mtu aliyeota moto wa watoto wa wenyewe Ufipa hawezi kurudi kwake akamlaza mtumishi wake wa ndani sakafuni, kisha akaandika insha ya kuusifu ukarimu wa Waafrika.

Malipo ya pili ni jembe, na Ufipa ina haki ya kulizungumza jembe. Zamani Wafipa walikuwa mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma. Matanuri yao ya udongo, malungu, yalikuwa marefu kuliko mtu, na mabaki yake bado yamesimama katika nyanda hizo. Chuma kilichotoka humo kilifuliwa majembe. Methali ya pwani inapomkabidhi mgeni jembe siku ya tatu, watu huichukulia kuwa ni namna ya kumfukuza kwa heshima. Lakini iko namna nyingine ya kuielewa. Anayepewa chakula bado ni mgeni. Anayepewa jembe ameanza kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba.

Hilo si la kubuni. Mwaka 1972 maelfu kwa maelfu ya Warundi walikimbia mauaji nchini kwao na kuvuka mpaka kuingia Tanzania. Wengi walipelekwa kwenye makazi ya Katumba na, baadaye, Mishamo, katika misitu ya wilaya ya Mpanda, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi. Hawakupewa chakula cha msaada tu. Walipewa ardhi. Walifyeka msitu, wakalima, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalihesabiwa kuwa yanajitegemea. Mwaka 2007 serikali iliwapa hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia. Kiasi cha watu 162,000 wakakubaliwa kuwa Watanzania mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Siku ya tatu ya methali ilichukua miaka arubaini.

Kati ya siku hizo za kusubiri kuna funzo jingine. Mtafiti Liisa Malkki, aliyeishi Mishamo katikati ya miaka ya 1980, aliona kwamba waliokuwa makambini walishikilia kwa nguvu kumbukumbu ya nchi waliyoiacha, na ugeni wao ukawa ndio utambulisho wao. Ilhali wenzao waliojichanganya mjini Kigoma waliuficha ukimbizi wao na kuishi kama watu wengine. Hakuna kundi lililokosea. Mgeni wa miaka mingi hukaa baina ya vigoda viwili, kimoja kilichobaki nyuma na kimoja ambacho hajaruhusiwa kukikalia, na kumtaka awe na shukrani kila siku ni kumzidishia uchovu. Mwenyeji naye ana wajibu wake: wema unaokumbushwa asubuhi na jioni hugeuka kuwa kodi. Tenda wema wende zako, wahenga walisema, na maneno hayo yanamhusu hata mwenyeji ambaye hana pa kwenda, kwa kuwa ni nyumba yake.

Kigoda cha Milansi, basi, kinawafunza wawili. Mwenyeji kinamfunza kuwa hatari ipo na haiondoki, na kwamba kumpa mgeni pa kukaa si lazima kuwe ni kumpa kila kitu. Kumwambia mtu atupe alichokificha kabla ya kuingia si uchoyo. Ni kuifanya nyumba iweze kuendelea kuwa na mlango. Mgeni kinamfunza kazi iliyo ngumu zaidi, nayo ni kukaa alipokaribishwa bila ya kukifanya kiti kuwa chake. Shukrani ya punda ni mateke. Shukrani ya Watwaki ilikuwa ni kutoinuka.

Ndiyo maana desturi ya kuaga, ambayo vijana siku hizi huiona kuwa ni kupoteza wakati, ina uzito wake. Mgeni wa Kiswahili haondoki tu. Huomba ruhusa. Hakuna aliyemfunga, mlango uko wazi, gari linapiga honi barabarani, na bado yeye huketi kidogo na kusema, naomba ruhusa. Maana yake ni hii: mahali hapa nilipokaa ni penu, na kuinuka kwangu nakuweka mikononi mwenu kama mlivyokuweka mikononi mwangu kukaa. Mwenyeji hujibu kuwa ni mapema mno, na wote wawili wanajua kuwa si mapema. Kisha humsindikiza mpaka njiani. Kule Ufipa, asubuhi ya baridi, basi limekwamuliwa kutoka topeni na abiria wanaitana, yule mama hutoka na mgeni wake mpaka kwenye barabara. Ndani ya nyumba watoto wamesharudi kwenye moto.